Mita Thelathini na Moja

Jora la kitenge lililotoka Taveta lilikuwa mita thelathini na moja, na la rangi ile halikubaki jingine. Gertrude, fundi cherehani wa kina mama wa kanisa pale Voi, alilipima mara tatu. Mita hazikuongezeka, ingawa aliomba kabla ya kupima ile mara ya tatu.

Meza ya Bwana ilitaka mita nne. Kila gauni mita tatu. Waimbaji walikuwa kumi.

"Toa nne, zinabaki ishirini na saba," alisema Wakesho, mwenyekiti wao. "Hayo ni magauni tisa. Awuor amekuja juzi tu, akae nyuma na wageni."

Awuor alikuwa amemzika mumewe, mtu wa reli, mwezi wa pili. Gertrude aliujua huo mwaka wa kwanza wa ujane: ukiambiwa ukae nyuma, unaishia kukaa nyumbani.

Wakesho alipoondoka, Gertrude akachukua chaki. Watu wabaki kumi. Atafute kitambaa cha kila mmoja. Akagawa thelathini na moja kwa kumi, akapata tatu nukta moja. Akatoa nne za meza. Jibu likaangukia chini ya sifuri.

"Mama, hapo hushoni," alisema binti yake Shanice, wa kidato cha pili. "Hapo unamvua mtu alichovaa."

"Sasa?"

"Zile nne ni za meza, si za mtu. Zitoe kwanza, ndio ugawe. Unachotafuta kibaki peke yake."

Ishirini na saba kwa kumi: mbili nukta saba. Kila gauni lipungue sentimita thelathini. Zitoke wapi, kama si kwenye mikono, ambayo Wakesho aliitaka ifike kwenye kiganja? Gertrude hakuuliza mtu. Akaomba, akakata yote kumi siku hiyo hiyo, maana kitambaa kikishakatwa hakina mjadala.

Jumamosi wakaja kujaribu. Wakesho akanyoosha mkono. Gauni likaishia kwenye kiwiko.

"Mama Shanice! Mikono yangu imeenda wapi?"

"Imeenda kwa Awuor."

Wakesho akageuka. Awuor alikuwa mbele ya kioo, amevaa, anajitazama. Wakesho akavuta mkono wa gauni lake mara moja, mara mbili. Haukurefuka.

"Awuor, wewe unaimba sauti gani?"

"Ya pili."

"Basi simama hapa kando yangu. Na tusiinue mikono ovyo ovyo."