Mkia wa Pikipiki ya MaCele

Kosa la kwanza la wifi yangu MaCele lilikuwa kumpenda kaka yangu Bhekani, na hilo tulimsamehe maana mapenzi ni upofu. La pili lilikuwa kuja kwetu na pikipiki.

Nikisema pikipiki msidhani ni ile ya kubebea mkaa na kuku. Hii ilikuwa ya mbio, ya kijani, aliyoinunua ikiwa imeshatumika kutoka kwa kijana mmoja wa mashindano kule Pietermaritzburg, kabla hajamjua hata Bhekani anafananaje. Yule kijana alikuwa amepachika kipande cha chuma juu ya shokapu ya nyuma ili mkia uinuke, kwa sababu wenye mbio wanasema mkia ukiwa juu mashine inakata kona bila kubembelezwa. Basi ilisimama uani kwetu kama nyigu aliyekasirika. Ukiipanda huna ujanja: kifua kwenye tangi, uso chini, na kinachobaki juu ni kile ambacho makoti, yaani mke aliyeletwa nyumbani, hapaswi kabisa kumwonyesha baba mkwe wake.

Baba mkwe mwenyewe ndiye baba yangu, mzee Mchunu. Kila jioni huketi kando ya zizi, fimbo mkononi, akiangalia barabara. Na barabara ya lami kutoka mjini hushuka kilima ikija moja kwa moja kwenye zizi letu, kisha ghafla inakata kushoto na kwenda zake. Kwa hiyo MaCele akirudi kutoka zahanati anakofanya kazi ya unesi, alikuwa anamjia Baba uso kwa uso, na akifika pale konani anampa mgongo. Si mgongo tu. Na zizini, kama kila Mzulu ajuavyo, ndiko wanakokaa mababu.

Baba hakusema kitu kwa miezi. Aliyesema ni baba mdogo Zwelibanzi, mtu ambaye akikosa neno la kusema nyumbani kwake huja kulitafuta kwetu.

"Kaka," alisema, "yule makoti wako akikata kona pale, mababu anawageuzia nini?"

Baba akavuta ugoro taratibu. "Sijaona. Mimi naangalia ng'ombe."

"Ng'ombe wako bondeni."

"Naangalia watakapopita."

Lakini neno likishatoka halirudi kinywani. Baba mdogo alilirudia kwa majirani, majirani wakalirudisha kwetu likiwa limenenepa, na mwishowe Baba akaona haya. Akatoa hukumu mbele ya wote: mkia ushuke, la sivyo mashine iuzwe. Jumapili wazee wangekaa zizini na MaCele angepita kama apitavyo siku zote, wala asipunguze mwendo. Wakiridhika, pikipiki inabaki. Wasiporidhika, inakwenda.

Jioni ile MaCele alikuja jikoni nikimenya maboga. Akakaa chini, miguu ameikunja upande kama inavyotakiwa, akachukua kisu cha pili.

"Wifi, nimeambiwa nifunike kichwa, nimefunika. Nimeambiwa nivae shali mabegani hata jua likiwaka, navaa. Sipiti mbele ya zizi, naizunguka nyumba nzima na ndoo kichwani. Nimewahi kulalamika?"

"Hujawahi. Nakushangaa."

"Ile pikipiki ndiyo mahali pekee ambapo hakuna anayeniambia nikae vipi. Wakiiuza, sitasema kitu. Nitapika, nitafagia. Lakini mtakayekuwa naye hapa hatakuwa mimi."

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alimenya boga hadi likabaki dogo kama chungwa, na mimi nikamnyang'anya kisu.

Jumamosi alikwenda kazini kwa lifti ya nesi mwenzake, akatuachia mashine. Kaka yangu Bhekani anaendesha lori la miwa, na kwa kuwa lori lake huharibika kila wiki anajiona fundi. Alikitoa kile kipande cha chuma na mkia ukashuka kidogo. Ikabidi kupima. Hapo ndipo penye mkosi wote.

Shokapu haipimwi ikiwa tupu, hata Bhekani alilijua hilo. Lazima mwenye pikipiki aikalie, ibonyee, ndipo uone mkia uko wapi. Lakini mpimaji alikuwa Baba, na Baba hawezi kukaa kitini na kukodolea macho makalio ya mkwewe ili aseme yamezidi au yamepungua. Hata MaCele asingekuwa kazini, jambo hilo halifanyiki. Kila mtu akatazama miguu yake.

"Wekeni gunia," akasema baba mdogo.

Lililetwa gunia la mahindi, lililoshiba, likafungwa kwa kamba juu ya kiti. Nilisema walilaze, kwa kuwa wifi hulala juu ya tangi. Baba mdogo akanitazama kana kwamba nimetukana. Gunia lile sasa ni makoti, akasema, na makoti halali kifudifudi mbele ya wazee. Basi likakaa wima. Mama, ambaye hapendi jambo la nusu nusu, akatoka na kitambaa akalifunga kichwani.

Baba akaketi mahali pake, akainua fimbo usawa wa paji la uso, akafumba jicho moja. "Bado liko juu yangu."

Bhekani akalegeza springi, akashusha. Bado. Akaingia ghalani kwenye mabaki ya trela, akarudi na vyuma viwili virefu kuliko vile vinavyounganisha shokapu na tairi la nyuma, akavitoboa na kuvifunga. Sehemu ya nyuma ikaanguka chini. Baba akafumba jicho tena. Bado kidogo. Bhekani akatafuta virefu zaidi. Hadi mchana unakwisha, mashine ilikuwa imechuchumaa nyuma na kunyanyua pua mbele kama chura anayengoja nzi, na stendi yake ya pembeni imekuwa ndefu mno hata ikabidi iegemezwe ukutani isianguke.

"Sasa ana adabu," akasema Baba, akimaanisha gunia.

MaCele aliporudi alisimama kwanza asijue acheke au apige yowe.

"Aliyekaa pale ni nani?"

"Wewe," akasema Bhekani.

"Mbona nina kilemba?"

"Mama alikuonea huruma."

Akaizunguka mashine, akabonyeza kiti kwa mkono, akachungulia chini. Aliposimama uso ulikuwa umebadilika. "Bhekani, hii haitakata kona. Nyuma imekaa chini, mbele imebaki juu, itataka kwenda moja kwa moja tu. Kama mmeshusha huku, shusheni na mbele, ziwe sawa."

"Mbele hakuna aliyelalamika," akasema kaka yangu.

Akataka angalau virudishwe vile vyuma vya kwanza, visivyo virefu sana, lakini Baba alikuwa ameshapima na kuridhika, na kumwambia mzee apime upya ni kumwambia hajui kupima. Hilo hakuna makoti ambaye angelisema, wala Bhekani hakuwa na ubavu. MaCele akanitazama mimi. Nilimwendea Baba nikamweleza, na Baba akaniuliza kama gunia limelalamika.

Jumapili wazee walikaa zizini na chungu cha pombe ya mtama katikati yao. Ng'ombe walikuwa malishoni, kwa hiyo boriti za mlango zilikuwa zimeondolewa na mlango uko wazi, ukitazama barabara. Wanawake tulikaa mbali, upande wa jiko. MaCele alikuwa ameshapanda kilima taratibu. Kupanda hakuna kona. Tukaisikia mashine inageuza huko juu, kisha ikaanza kushuka.

Alikuja kama ajavyo siku zote, maana ndivyo alivyoagizwa. Na kwa kweli alipendeza. Mkia ulikuwa chini, mwili umenyooka, hata mchungaji angempungia mkono. Nikamwona baba mdogo anaitikia kwa kichwa. Kisha ikafika kona. MaCele akaegemea kushoto, nikaliona goti lake linatafuta lami, bega linafuata, mwili wote umeshaingia kwenye kona. Mashine peke yake ndiyo haikuwa na habari. Iliendelea kumtazama Baba usoni.

Alishika breki, akaisimamisha wima ili asianguke, akapita kwenye ule mlango uliokuwa wazi kama mgeni aliyealikwa.

Wazee wetu hawa, ambao wakiitwa kulima wanaumwa magoti, waliruka. Chungu kilipinduka. Baba mdogo Zwelibanzi alionekana juu ya ua wa zizi, na mpaka leo hajaeleza alipandaje. Baba pekee hakuruka. Alibaki kitini na fimbo yake, labda kwa ushujaa, labda hakuwahi. Mashine ikazama kwenye samadi katikati ya zizi, mita chache kutoka magotini pake, ikazimika. Hakuna aliyeumia.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. MaCele alisikia la mkuu, na guu lilikaribia kuvunjika vilevile.

Kisha tukaliona jambo lenyewe. Makoti yumo ndani ya zizi. Mimi niliyezaliwa humo nyumbani sikumbuki mke yeyote aliyewahi kukanyaga pale kabla ya kuzeeka. Nilisimama, na nakiri niliogopa, kwa sababu nilishampenda yule mtu na nilijua wanawake hurudishwa kwao kwa makosa madogo kuliko lile. MaCele alishuka, akapiga magoti kwenye samadi na helmeti yake kichwani. Angalau kichwa kilikuwa kimefunikwa.

"Mashine iuzwe leo," akasema baba mdogo kutoka juu ya ua. "Na yeye arudi kwao, asije bila mbuzi wa kuosha hili zizi."

"Thandazile," Baba akaniita. Makoti hasemi na baba mkwe ana kwa ana kwa jambo kama hilo. Hupitia kwa mtu. Nikaenda nikasimama mlangoni mwa zizi. "Muulize kwa nini hakukata kona."

Wao wawili walikuwa wanasikiana vizuri kuliko mimi nilivyowasikia. "Wifi, Baba anauliza kwa nini hukukata kona."

"Mwambie Baba," sauti ikatoka ndani ya helmeti, "kwamba mashine hii inakata kona kwa makalio. Yakiwa juu inageuka. Yakiwa chini haigeuki."

Nikamgeukia Baba. "Baba, anasema mkia wa mashine ndio unaosaidia kugeuka."

"Sivyo alivyosema."

"Ndiyo maana yake, Baba."

"Mimi nimekuuliza alichosema."

Nikakisema. Mama kule jikoni akaangusha kitu. Baba akaitazama ile pua ya kijani iliyomwelekea.

Bhekani akajitokeza na kusema kosa ni lake, yeye ndiye aliyefunga vyuma. Baba mdogo akasema kosa ni la mwenye mashine. Baba akainua fimbo, wakanyamaza wote wawili.

"Aliyelipima gunia ni nani?"

Macho yote yakaigeukia fimbo yake.

"Basi mbuzi atatoka kwangu."

Alichinjwa mbuzi jioni ileile. Kwa kuwa MaCele alikuwa ameshaingia, haikuwezekana tena kumtoa kana kwamba hakuingia, ilibidi atambulishwe kwa mababu. Alibaki amepiga magoti palepale, hakuna aliyethubutu kumwambia avue helmeti, na mimi nikaruhusiwa kusimama kando yake. Baba akawasha majani ya kufukiza, akawaita mababu mmoja baada ya mwingine kwa jina la sifa la ukoo wetu, Macingwane kwa Macingwane. Kisha akakohoa. Kwa mababu huwezi kusema uongo wala kuzungukazunguka, maana wanaona.

"Mmemwona," akasema. "Ameingia bila kubisha hodi. Msimlaumu, alifuata neno langu, na neno langu lilipimwa kwa gunia. Huyu ni MaCele, makoti wa nyumba hii. Kesho Bhekani atairudisha mashine yake kama alivyokuja nayo."

Baba mdogo akafungua kinywa. Baba hakumtazama.

"Mtamwona kila jioni akipita pale. Kifua chini, uso chini, na makalio juu." Akajipangusa jasho. "Hapo anawainamia. Mimi nimeishi miaka mingi, sijapata kuona makoti anayeinama hata akiwa kwenye mwendo ule."

MaCele hakulia alipoambiwa mashine itauzwa, wala alipoingia zizini. Alilia hapo, ndani ya helmeti, hadi kioo kikajaa ukungu, nami nikamfungulia apate hewa.