Maotea ya Shayiri

Kondoo thelathini na mmoja waliinamisha vichwa, na kwa muda mrefu hapakusikika kitu shambani ila majani yakinyofolewa. Wiki sita zilikuwa zimepita tangu mashine ivune shayiri. Punje zilizodondoka zilipata mvua mbili za kupita njia, zikachipua zenyewe katikati ya mabua makavu. Mwenye shamba hakuyataka maotea hayo. Yakiachwa yangehifadhi ugonjwa wa kutu ya majani na kuiambukiza mbegu mpya. Kwa hiyo alimtumia mjane ujumbe wa maneno manne: Lete kondoo. Wiki mbili.

Mjane aliketi juu ya jiwe mpakani. Kondoo walikuwa wa mumewe, aliyefariki miezi minane iliyopita. Yeye mwenyewe alikuwa mshonaji. Miaka yote aliwajua kwa kelele zao za alfajiri, basi. Tangu mazishi hakuwa amevuka kizingiti cha mtu. Watu walipomsalimu aliitikia, akapita. Kuna siku jioni ilimkuta hajatamka neno, na aliposema "haya, twendeni," sauti yake mwenyewe ilimshtua.

Siku ya tano, kondoo jike mmoja hakuinuka. Tumbo lilikuwa limevimba upande wa kushoto, naye akisaga meno. Alilala kwenye kona ambako mashine ilikuwa ikipakua nafaka. Chini ya makapi palibaki rundo la punje. Mjane alimsukuma, akamvuta, akambembeleza. Kisha akawafukuza wengine mbali na kona ile, akakimbia.

Mlango wa jiko la mwenye shamba ulikuwa wazi. Mezani palikuwa na sahani moja, kikombe kimoja, na redio iliyokuwa ikizungumza na viti. Mwenyewe alitokea uani, mikono imejaa grisi.

"Shemeji," alisema, maana marehemu alikuwa akimwita ndugu. "Kuna nini?"

"Mmoja amekula punje, amevimba. Pale kwenye kona."

Hakuuliza zaidi. Alikoroga magadi kwa maji ndani ya chupa ya soda, wakarudi wote wawili mbio za watu wazima, pumzi juu juu. Mjane alishika kichwa, mwanamume akamimina polepole. Wakamwinua, wakamtembeza, huyu kushoto, huyu kulia, mpaka jua likaegemea. Wakati mmoja kondoo alicheua, wakatazamana. Kisha miguu ikamlegea, akaanguka, akatulia.

"Mume wangu angejua mapema," mjane alisema, na hasira yake ilikuwa juu yake mwenyewe. "Asingekaa kwenye jiwe akitazama tu."

Mwenye shamba aliifuta chupa kwa shati lake, ingawa haikuhitaji kufutwa. "Yeye alipoteza wawili. Kona hiihii, mwaka wake wa kwanza kulisha hapa. Hakukwambia?"

"Hakuniambia."

"Alinisihi nisimwambie mtu. Tangu hapo, kila nikivuna, mimi hufagia hapa."

"Na mwaka huu?"

"Nilipovuna nilidhani hakuna atakayeleta kondoo, na nilipokuita nikaisahau kona hii. Nisamehe, shemeji."

Mjane alijaribu kuikumbuka jioni hiyo ya zamani: mumewe akinawa mikono, akisema kondoo hawajambo, naye akimpakulia chakula. Hakuipata. Miaka thelathini aliishi na mtu, kumbe kipande chake kilikuwa kimehifadhiwa kwa jirani. Jambo hilo lilimchoma. Hata hivyo, alikuwa amepata habari mpya ya mumewe, naye hakutegemea tena kupata habari yake yoyote.

"Nipe koleo," alisema.

Walichimba kaburi la kondoo kwa zamu.

Wiki mbili zilipotimia, shamba lilibaki mabua matupu. Mwenye shamba alisimama getini kondoo wakitoka, akiwaangalia mmoja mmoja.

"Kuna lile shamba la juu," alisema hatimaye.

"Si umeshalilima?"

"Nimelima. Ila mipakani kuna majani kidogo."

Mjane alitazama juu. Udongo mtupu, umepinduliwa wote, na ukingoni ukanda mwembamba wa nyasi ambazo kondoo thelathini wangezimaliza kabla ya saa nne asubuhi.

"Unafungua geti saa ngapi?" aliuliza.

"Mimi huamka mapema," alisema yule mwanamume. "Silali sana siku hizi."

"Hata mimi," alisema mjane, akawafuata kondoo wake.