Mkunga wa Shemeji

Dada aliniita nikamsaidie na maji ya samaki, si na mgonjwa. Mgonjwa, alisema, anaendelea vizuri. Nilipofungua mlango wa sebule, nilipokewa na harufu iliyonirudisha nyuma.

Tangi lile la kioo lilikuwa la mumewe. Kabla ya kuugua, shemeji mwenyewe ndiye aliyekuwa akichanganya maji na chumvi, na mawe ya ndani aliyapanga kwa mikono yake ili mkunga wake, samaki mrefu kama nyoka, apate pango. Sasa samaki wadogo walikuwa juu kabisa, midomo wazi, wakihema. Nilichota maji kwenye kichupa, nikadondoshea dawa ya kupimia. Yakageuka kijani iliyokolea. Hiyo ni amonia, sumu ya vitu vinavyooza.

Nilipunguza maji mabaya, nikaongeza mapya yaliyokolezwa chumvi na kupashwa joto sawasawa. Samaki wakatulia. Kesho yake kijani ikarudi, na samaki mmoja alikuwa akielea kiubavu. Nikaona natwanga maji kwenye kinu.

Hapo ndipo nilipoanza kumwangalia dada. Kila asubuhi alichomeka kipande cha ngisi kwenye kijiti, akakisukuma pangoni, kisha akaenda chumbani kumwambia mumewe kwamba mkunga amekula. Huko alitoka na bakuli la uji, limejaa vilevile, akampigia mama simu kumwambia kwamba mgonjwa amekula.

Nilimuuliza mara ya mwisho kumwona mkunga ilikuwa lini. Akasema mkunga hapendi mwanga. Nikamwambia tutoe mawe. Akasimama mbele ya tangi: mawe hayaguswi, mwenyewe akipona ayakute. Nilimwambia basi atakuta mawe matupu.

Akakaa chini.

"Daktari alisema nimrudishe tu nyumbani," alisema taratibu. "Yeye hajui. Na wewe usimwambie."

Nilikunja mikono ya blauzi, nikatoa jiwe moja baada ya jingine. Chini kabisa mkunga alikuwa amelainika, na juu yake vile vipande vya ngisi, chungu nzima, vimefunikwa utando mweupe. Dada alitazama na hakushtuka. Hilo ndilo lililonitisha.

Nilifyonza uchafu wote. Sponji ya chujio niliisuuza kwa maji ya tangi lenyewe, maana ya bomba yangeua vijidudu vinavyosafisha maji. Rangi ya kipimo ikapungua siku hadi siku, mpaka ikawa njano. Samaki wakarudi chini. Dada akapanga mawe upya, kila moja mahali pake.

Ndipo shemeji akaniita chumbani. Alikuwa amebaki mifupa na macho. Aliuliza mkunga wake anaendeleaje. Sijafungua mdomo, dada akajibu kutoka mlangoni, bakuli mkononi.

"Amekula."

Shemeji hakumtazama. Alinishika mkono kwa vidole vya baridi.

"Niliyasikia mawe, shemeji," alininong'oneza. "Zamu yangu ikifika, usimwache dada yako aendelee kuniletea uji."