Bahari Uani kwa Mama Kimaiyo

Linet alikuwa akimenya viazi mbele ya jikoni bahari ilipofika mara ya kwanza. Ilitokea upande wa shamba la mahindi, ikapita chini ya kamba ya nguo, ikalowesha kigoda alichokalia. Maji yenyewe yalikuwa na uvuguvugu, na huko Kapsokwony, juu mlimani, hakuna maji yanayotoka ardhini yakiwa hivyo. Linet aliinua beseni la viazi akaliweka juu ya banda la kuku. Mama yake alitoka jikoni, akachovya kidole, akakionja kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Chumvi," alisema. "Toa hizo viatu za kanisa zisilowe."

Maji yalikaa, kisha yakarudi yalikotoka, yakiacha mstari mweupe ukutani. Tangu hapo yalikuja kila alasiri, upepo wa mlimani ulipoanza, na wao wakazoea kuanua kuni mapema.

Kaka yake Linet, Kimaiyo, alikuwa ameenda baharini. Mtu mmoja wa Tuwan, kule Kitale, jina lake Matthew, alikuwa amekusanya vijana akawapeleka kwenye kambi ya mbali huko pwani, mahali pasipo na lami wala duka. Huko wangejifunza kuteleza juu ya mawimbi, na kusimama juu ya ubao wenye tanga unaokimbizwa na upepo. Wafadhili wa mpango wake walitaka kuona vijana wa milimani wakishinda majini. Matthew alisema kwamba mtu aliyezoea kushuka miteremko ya Kapsokwony kwa pikipiki isiyo na breki hawezi kuogopa wimbi. Watu walicheka, lakini waliona ana hoja, na vijana wakaombewa kanisani. Kimaiyo, ambaye maji mengi kabisa aliyowahi kuyaona yalikuwa ya bwawa la ng'ombe, alifanya mazoezi sebuleni juu ya mlango wa zamani uliolazwa kwenye magunia ya maharagwe, mama yake akilalamika kuwa anamvunjia mbegu.

Vijana walirudi. Kimaiyo hakurudi.

"Amepata kazi huko huko kambini," Matthew alimwambia mama kwa simu. "Anafundisha wazungu. Mama, kijana yako ni nyota. Wewe omba tu Mungu."

Na kweli, ujumbe ulianza kuingia kwenye simu ya mama kutoka namba mpya. *Hamjambo wote. Mimi ni mzima wa afya. Kazi ni njema.* Mama aliomba asomewe tena na tena. Linet aliusoma, akaiweka simu kifudifudi mezani. Kimaiyo hakuwa amemwambia mtu hamjambo tangu azaliwe. Yeye huandika *Niaje siz, nitumie ka-airtime*. Linet alijibu kwa kuuliza jina la mbwa wao aliyeumwa na nyoka. Jibu lilikuja upesi: *Mungu ni mwema.*

Alikwenda kwa chifu. Chifu alimsikiliza vizuri, akamkaribisha chai, akamweleza kwamba mtu aliyeandika ujumbe jana hawezi kuitwa aliyepotea. Kwenye kituo cha polisi walimwambia hivyo hivyo, bila chai.

Majirani waliizoea bahari haraka. Watu wa mlima ule wamepeleka ng'ombe mapangoni kulamba chumvi tangu enzi za mababu, na mapango yako mbali, njia zake mbovu. Sasa chumvi ilikuwa imekuja yenyewe hadi uani kwa mtu. Wabwile, jirani wao mwendesha bodaboda, ndiye aliyetangulia kuleta ng'ombe wake.

"Mama Kimaiyo, si uache huyu alambe hapo kwa ukuta kidogo? Jana amelamba tu mara moja, leo ndoo imejaa mpaka imenichekea, bana."

"Alambe. Lakini asilambe nguo zangu."

"Akilamba si utakuwa umeokoa sabuni?"

"Wewe Wabwile, bibi yako anakuvumilia na nini?"

"Na maziwa," alisema Wabwile.

Baadaye ng'ombe walizidi, wakaanza kupigana pembe, ikabidi chifu aje kuwapangia zamu. Alipanga vizuri. Hakuuliza maji yanatoka wapi.

Alasiri moja maji yalipopwa, yaliacha jaketi la kuelea limenasa kwenye ua wa miti. Lilikuwa la rangi ya chungwa, jipya, bado limo ndani ya nailoni yake iliyobanwa kwa gundi pande zote, ndani kukavu kabisa. Linet alilitambua. Katika picha aliyoituma Matthew kutoka kambini, vijana wote walikuwa wamesimama mchangani wamekumbatia majaketi kama hayo, kila moja ndani ya nailoni. Picha ile ilipofika Kapsokwony, watu walimsifu Matthew kwamba anajua kutunza vitu. Hapo kijijini nyumba yenye kochi jipya haiondoi nailoni. Huiacha mpaka ichanike yenyewe, na ikichanika watu husikitika.

Bahari ilileta jaketi jingine, na jingine. Mama aliyafuta moja moja kwa kitambaa, akayapanga kwenye kitanda cha Kimaiyo.

"Usifungue," alimwambia Linet. "Ni ya wenyewe."

Linet alisafiri mpaka Tuwan. Sebule ya Matthew ilikuwa nadhifu. Makochi yalivaa nailoni, rimoti ya televisheni ilivaa nailoni. Kwenye kochi la pembeni alikuwa Wakoli, kijana aliyesafiri pamoja na Kimaiyo, na kila alipojisogeza kochi lilipiga kelele.

"Linet, dada yangu! Karibu," alisema Matthew. "Kalia hapo. Polepole, isichanike."

"Nataka kusikia Kimaiyo. Sauti yake."

"Network ya huko ni shida. Ni kichaka na bahari tu."

"Mbona ujumbe unapita?"

"Ujumbe ni kitu kidogo, inapenya." Matthew alimfungulia soda. "Sauti ni kubwa."

Linet hakuigusa soda. Alimgeukia Wakoli.

"Mlipoingia kwa maji mlikuwa mmevaa majaketi?"

Kochi lilipiga kelele. Wakoli alimtazama Matthew kwanza.

"Hizo zilikuwa za picha," alisema. "Wafadhili walikuwa wanakuja kuzikagua."

"Na upepo ilikuwa safi!" Matthew akadakia. "Kimaiyo alishika tanga akaenda. Mbali kabisa. Hajawahi kufundishwa na mtu, anaenda tu. Sisi wote tulipiga makofi."

"Akarudi?"

"Si nimekwambia alipata kazi?"

Wakoli aliinamia miguu yake. Maji yalikuwa yakitoka kwenye viatu vyake, yakifanya kidimbwi sakafuni, na mtu alikuwa ameshatandika gunia hapo kwa ajili hiyo.

"Haiishi," Wakoli alimwambia Linet kwa sauti ya chini. "Tangu siku ile. Nimebadilisha viatu, wapi."

"Nilikwambia uvae ndala," alisema Matthew.

Linet akasimama. "Majaketi yako yako kwetu. Bahari inayaleta."

Kwa mara ya kwanza siku ile, Matthew alionekana kuguswa. Aliweka soda yake chini.

"Kweli?" aliuliza. "Hayajafunguliwa?"

Asubuhi ambayo Matthew alitarajiwa kuja kuyachukua, Linet alichukua kisu cha viazi, akaingia chumbani kwa Kimaiyo, akapasua nailoni ya jaketi lililokuwa juu. Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Umeharibu kitu ya mtu," alisema.

"Mama, hakuna kazi. Hakuna wazungu."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu nilipoonja." Mama alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akalainisha nailoni ya jaketi jingine kwa kiganja. "Mwanangu nilimnyonyesha, Linet. Nikimwonja nitamjua."

"Sasa mbona hatusemi? Twende tena kwa chifu. Mimi na wewe."

"Tukisema, ile ujumbe itaacha kuja. Jioni utakuwa unanisomea nini?"

Linet aliikunja nailoni iliyopasuka, akakirudisha kisu jikoni.

Matthew alikuja na pikapu. Nyuma walikuwa wamejaa vijana wengine wa kupelekwa kambini, wengi kutoka Bungoma, wakiimba. Wakoli alikuwa pamoja nao amevaa ndala, na maji yakichuruzika kutoka miguuni mwake hadi barabarani. Matthew aliyahesabu majaketi akiyageuza kwenye jua. Alipofika kwa lile lililopasuliwa alitikisa kichwa, akaliweka kando juu ya nyasi.

"Hii imeharibika. Bakini nayo, mama. Iwe zawadi."

Linet alisogea hadi kwenye pikapu. Msichana mmoja, Joan, alikuwa tayari amekumbatia jaketi lake.

"Toeni hiyo nailoni," Linet aliwaambia. "Vaeni kabla hamjaingia kwa maji."

"Si itachafuka?" aliuliza Joan.

"Wacha ichafuke."

Vijana walicheka, si kwa ubaya. Wakoli peke yake hakucheka. Pikapu ilipoondoka, Linet aliona Joan akianza kubandua gundi kwa ukucha. Kisha Matthew akatoa mkono dirishani, akamtikisia kidole, naye akaacha. Pikapu ikateremka kuelekea barabara kuu, ikifuatwa na mstari wa maji uliokauka ukawa mweupe, na ng'ombe wa Wabwile akaanza kuulamba.

Alasiri upepo ulianza, na maji yakaja. Linet alianua kuni, akainua viatu vya kanisa. Halafu akalichukua jaketi lililofunguliwa, akaliweka juu ya maji mbele ya mlango.

Ndani, simu ya mama ililia mlio mfupi wa ujumbe.

"Njoo unisomee," mama aliita.

"Nakuja," alisema Linet, lakini alisimama kidogo. Jaketi lilizama upande mmoja, likajiinua lenyewe, likaelea.