Zulia Lililomtangaza Mama

Waliohudhuria walikuwa wanne: Mama, mwenye nyumba na fundi redio mstaafu; mwanawe kifungua mimba, ofisa wa bima; bintiye Mama, muuguzi; na mume wa binti huyo, ofisa ugavi, ambaye tangu mwaka jana alipenda kuitwa Injinia. Mke wa kifungua mimba alileta udhuru, na hakuna aliyemkosa.

Kikao kilikuwa na jambo moja. Mwezi uliopita Mama aliteleza bafuni, akalala sakafuni saa mbili nzima kabla jirani hajamsikia akigonga ndoo. Kifungua mimba alitaka ahamie kwake, katika chumba cha nyuma, ubavuni mwa mashine ya kufulia. Binti akaomba wamsubiri mumewe, aliyekuwa akiunda mtambo wa kumlinda Mama papo hapo alipo. Mtambo ukifanya kazi, Mama angebaki. Usipofanya, angehama Jumapili. Ndivyo mwanamke aliyefufua redio za watu kwa miaka arobaini alivyojikuta majaliwa yake yamo mikononi mwa mtu ambaye, kwa kumbukumbu zake, hajawahi kubadilisha balbu bila kumwita jirani.

Mama hakumdharau mkwe wake kwa pupa. Alimdharau kwa mpangilio, kama alivyopanga bisibisi zake, kutoka kubwa hadi ndogo.

Injinia alitandika zulia jembamba kando ya kitanda, akafungua sanduku la plastiki. Ndani mlikuwa na bodi yenye ukubwa wa kiberiti na waya za rangi tatu zilizosokotana kama tambi zilizopoa, zote zimeshikiliwa kwa gundi ya moto iliyoning'inia kama kamasi za mtoto.

"Huu ndio ubongo, Mama," alisema. "Nimeuandikia programu mwenyewe, mistari mia mbili na kumi. Chini ya zulia nimeweka karatasi mbili za foili. Ukianguka, zinagusana, bodi inatambua, na sisi sote tunapata ujumbe kwenye simu."

"Umejifunzia wapi?"

"Kwenye video, Mama. Siku hizi hata chuo huhitaji."

"Hilo linaonekana," Mama alijibu, akanywa chai.

Injinia alichomeka waya ukutani. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Akainama juu ya sanduku, akanyoosha mkono alisogeze, na simu tatu zikapiga kelele kwa pamoja. MAMA AMEANGUKA.

Wote walimtazama Mama. Alikuwa ameketi kitini, kikombe mkononi.

"Poleni na msiba," alisema.

Injinia akaondoa mkono, simu zikanyamaza. Akaurudisha, simu zikalia. Akapita binti na sinia. Mama akaanguka tena. Katika dakika nne alianguka mara kumi na moja, na chai yake haikumwagika hata tone.

"Itakuwa mtandao," Injinia alisema, jasho likimchuruzika.

"Mtandao!" Kifungua mimba alicheka kwa kebehi. "Shemeji, mimi niko kazini, nitaombaje ruhusa mara kumi na moja kwa siku? Basi, yameisha. Mama, Jumapili nakuja na gari."

Hapo Mama aliweka kikombe chini. Alikwisha kuliona kosa tangu taa ilipowaka, na alikuwa akijipa raha ya kulitazama tu. Lakini mpumbavu huyu akishindwa, anayehama si yeye.

"Niletee lile kopo la rezista, mwanangu," alimwambia binti, "na chuma cha kulehemu. Mkwe, sogea. La, sogea zaidi."

Alivaa miwani, akaonyesha kwa ncha ya bisibisi. "Waya huu unatoka kwenye zulia unaingia kwenye bodi. Karatasi zisipogusana, umefungwa wapi?"

"Haujafungwa popote. Ndiyo maana yake, Mama, kwamba hakuna kitu."

"Waya ulioachwa hewani si kwamba hauna kitu. Unaokota kila kipitacho, mkono wako, umeme wa ukutani, na upuuzi mwingine. Redioni tunauita antena. Umeiuliza bodi swali, ukainyima jibu la hapana. Basi inabahatisha, kama wewe."

Alichagua rezista moja, kipande kidogo cha kuzuia umeme, akailehemu kati ya waya ule na waya wa ardhi, ili bodi ipate jibu lake la hapana. Risasi ya kulehemia iliyeyuka ikatulia, ndogo, inang'aa. Injinia alipunga mikono juu ya sanduku kama mtu anayefukuza kuku. Kimya. Mama akakanyaga zulia. Simu zikalia mara moja tu.

"Ndicho nilichokuwa nakaribia kukifanya," Injinia alisema.

"Mume wangu, nyamaza," binti alimwambia kwa upole.

Kifungua mimba alishusha pumzi, uso ukamchangamka kuliko siku nzima. "Kumbe safi! Basi abaki. Tena hata ile zamu ya kuja kila Jumamosi tunaweza kuifuta. Zulia litatuambia."

Binti hakupinga. Alitazama saa yake.

Mama aliwatazama watoto wake mmoja baada ya mwingine. Nusu saa yote alikuwa amemdharau mtu wa kando, na kumbe waliostahili dharau hiyo walikuwa wa kuwazaa mwenyewe. Alikizima chuma cha kulehemu, akasimama.

"Sikilizeni, nasema mara moja. Nabaki hapa. Niliteleza bafuni, zulia mmeweka chumbani kwa sababu soketi iko chumbani. Kwa hiyo zulia linatoka. Mkwe, utavuta waya mpaka bafuni, ufunge kitufe ukutani, shubiri mbili kutoka sakafuni, mtu aliyelala akifikie. Na juu yake utafunga bomba la chuma la kushikia, ambalo halihitaji programu. Kazi hiyo utaifanya kesho, nikikusimamia. Zamu za Jumamosi hazifutwi. Kifungua mimba, wiki hii ni wewe. Na mkeo aje; udhuru wake sijaupokea."