Mfumo wa Watu Wachache

"Ufute tu kwenye orodha yetu, dada. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuugusa huo mfumo."

"Nifute, halafu yule mfasiri ale nini?"

Walikuwa wameshika kani tangu chai ya asubuhi, dada na mdogo wake wa kiume, kila mmoja na kompyuta yake kwenye meza ya kulia. Programu yao ya kuwasomea wasioona kwa sauti waliigawa bure, na msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, ulikuwa wazi kwa yeyote. Toleo jipya lilitakiwa kutoka siku hiyo. Lililopita lilikuwa limegoma kwenye mfumo endeshi mmoja wa kompyuta usio na watumiaji wengi, unaopendwa na wenye kompyuta kuukuu kwa sababu hauzilemei. Mfasiri mmoja asiyeona alikuwa amekwama nao. Asipopeleka tafsiri yake jioni, kazi ingepewa mwingine.

Dada alikuwa ameandika rekebisho. Mdogo mtu akamuuliza atalijaribia wapi, maana kila wakishona huku, kule kunafumuka. Dada akamtolea uvivu: mvivu hakosi sababu. Hapo kijana akatema lililomkaa kooni. Kila toleo, dada huyohuyo ndiye aliyeandika kwamba limejaribiwa kwenye mifumo yote.

"Ulilijaribu ndotoni?"

Mstari ule dada alikuwa akiunakili tu kutoka toleo hadi toleo, kama mtu anayeitikia salamu bila kugeuka.

"Hapo umenikamata. Lakini mwongo ni mimi, si mfumo. Tutamwadhibuje mtumiaji?"

Akampigia mfasiri, akaweka spika, wala hakuzunguka mbuyu: kuanzia leo kila toleo lianzie kwake, na asiposikia sauti, halitoki kwa mtu yeyote. Mfasiri akauliza kama wengine watakubali kumngoja.

"Watangoja. Atakayechoka aje kwangu."

"Na siku kaka huyu akituacha?" mdogo mtu akanong'ona.

"Tutaandika haujajaribiwa. Tukikosa mtu kabisa, nitaufuta mwenyewe, tena kabla yako."

Akamtumia mfasiri rekebisho. Programu haikutoa sauti. Mdogo mtu akavuta kiti, akaupekua msimbo akiguna, akabadilisha mstari mmoja, akatuma tena. Safari hii sauti kavu ya kompyuta ikasikika kwenye simu, ikisoma hati ya mkataba wa nyumba.

"Niacheni nifanye kazi," mfasiri akasema, akakata.

Dada akafuta maneno "mifumo yote", akataja ile iliyojaribiwa kweli, na ule wa watu wachache ukiwemo. Kisha akaliachia toleo.