Mama Bahati wa Golf

Asubuhi moja ya kiangazi Adija alikuwa anasonga bukari, ugali wa watoto, nyuma ya kituo cha yatima cha mtaa wa Ruashi, gari la wazungu lilipoingia uani na kusimama juu ya nguo zilizoanikwa chini. Alishuka mama mmoja, Hortense, mke wa muuza dawa wa kule Liège, na binti yake Delphine. Walikuwa wamekuja kujitolea. Usiku walilala Golf, mtaa wa matajiri, katika villa ya injinia mmoja, na mchana walikuja kupenda watoto. Kufua hawakujua, kusonga hawakujua, lakini kupenda, lo! Walipenda hadi jua lilipokuwa kali, kisha wakarudi Golf kupumzika.

Adija alikuwa mpishi wa kituo, na pia mama wa Bahati, msichana mwenye meno ya mbele yaliyong'oka, aliyeishi humo humo kama yatima. Baba yake, Kasimu, alikwenda Mitwaba kuuza chumvi na hakurudi. Parokia ya Ubelgiji ilileta maziwa ya unga kwa watoto wasio na mama tu, kwa hiyo mkurugenzi aliamua kwamba ndani ya geti Adija si mama wa mtu. Bahati alifundishwa kumwita "mupishi". Alikuwa akiita hivyo kwa sauti, huku akimfinya mama yake kidole chini ya sahani, na wote wawili wakizuia kicheko. Nje ya geti mambo yalikuwa ya kawaida. Ruashi nzima ilimwita Mama Bahati, maana mwanamke akishazaa, jina lake mwenyewe nani analihitaji?

Mkurugenzi huyo aliitwa Anaclet, mpaka serikali ilipotangaza kwamba majina ya kizungu yamekwisha, akawa citoyen, yaani raia, Kalaba. Jina la Anaclet, kwa kukosa pa kwenda, lilijilaza kwenye kizingiti cha ofisi, na watu waliliruka wakiingia. Miaka ile majina mengi yalikuwa yakizurura mjini. Hakuna aliyejali.

Basi siku hiyo Sofia, muuza vitunguu, aliita kutoka nje ya ua: "Mama Bahati! Njo uangalie vitunguu!"

Hortense aliuliza Mama Bahati ni nani. Kalaba akaona maziwa yote yanamwagika mbele ya macho yake. Alijifuta jasho, akajibu kwa Kifaransa chake cha ofisini: "Ni wewe, Madame. Watoto wamekupa jina. Bahati ni la chance. Mama wa heri."

Hortense alilia. Aliweka mkono kifuani, na pale pale jina likamtoka Adija, likavuka uwanja polepole, likamwingia mzungu. Adija alilisikia likimtoka kama kitenge kinavyolegea kiunoni. Chola, mlinzi wa geti, alikuwa amesimama njiani. Akasogea kidogo lipite.

Tangu hapo Sofia aliita hadi sauti ikamkauka, Adija asisikie kitu. Huko Golf, Hortense aliinua kichwa kutoka kwenye kahawa yake na kusema, "Oui?" Bahati naye alipokuja kuchukua chakula, alisema, "Mupishi, nipe bukari," kwa adabu nzuri kabisa. Akapokea sahani, akaenda zake. Kidole cha mtu hakikufinywa.

Delphine, aliyekuwa amejifunza Kiswahili kwa watoto, ndiye aliyekuwa na masikio. Tena alikuwa na shida yake: alimwita mama yake "Maman! Maman!" na mama hageuki. Adija alimfuata kwenye kisima.

"Mademoiselle, ambia mama yako, ile jina iko yangu. Bahati nilimuzaa miye. Arudishe tu, sina ubaya naye."

Delphine alimshika mama yake mkono na kumtafsiria neno kwa neno. Hortense aliguswa sana. "Maskini," alisema, "hata mpishi anatamani kuwa mama." Akampa sabuni. Sabuni! Yenye harufu ya maua, na karatasi yake.

"Lakini ni mama yake kweli," Delphine akasema. Hortense hakumsikia.

Kalaba alisikia. Alimvuta Adija nyuma ya jiko. "Unataka batoto bote bakose maziwa? Jina utakula?"

Adija alimtazama Bahati, aliyekuwa anacheza kamba, mashavu yamejaa. Akarudi kwenye bukari yake.

Siku ya safari ya wazungu, Kalaba na Adija waliwapeleka watoto Luano, kwenye uwanja wa ndege, kuimba. Mwanajeshi wa forodha alipekua mizigo ya Hortense akitafuta malakiti, yale mawe ya kijani yenye shaba, akalikuta jina chini ya vitenge, katikati ya viatu. Aliligeuza huku na huku. Adija alinyoosha mkono, akaligusa.

"Iko ya nani?" mwanajeshi akauliza.

Adija alimtazama Kalaba. Kalaba alitazama ndege.

"Ya Madame," Kalaba akasema.

"Iko shaba ndani?"

"Hapana."

"Bon. Ipite."

Delphine alipanda ngazi akilia, akimwita mama yake, ambaye alikuwa anaipungia mkono Ruashi nzima.

Mvua zilipoanza Bahati alishikwa na homa. Alilala kwenye mkeka jikoni, anatetemeka, anaita, "Mama! Mama!" Adija aliacha moto, akapiga magoti, akamkumbatia.

"Niko hapa."

"Hapana. Weye ni mupishi. Naita mama."

Adija alimfunika kitenge, akamlowanisha midomo kwa maji, akamwambia, "Ita basi. Atakusikia."

Na kweli alisikia. Huko Liège, mezani, mbele ya wageni, Hortense aliinamisha kichwa, akatabasamu.

"Ananiita tena," alisema. "Hawajanisahau, wale watoto."

Kisha akaomba asogezewe sukari.